Mapenzi Yanavyosemwa kwa Methali: Kibemba na Kiswahili katika Ufuko wa Mweru



Kila mtu aliyelelewa katika ufuko huu wa Mweru, tangu Chiengi hata Kashikishi, na kushuka kusini mpaka Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe, amepata kuyasikia maneno manne ya Kibemba ambayo hayahitaji mwalimu: *Mayo mpapa, naine nkakupapa.* Maana yake ni, "Mama, nibebe mgongoni, nami nitakubeba." Maneno haya husemwa kwa kijana aliyekwenda mjini akasahau kurudi, husemwa katika arusi, husemwa hata katika mikutano ya siasa; na kwa vile yanavyosemwa mno, wengi wamekoma kuyasikiliza. Hotuba hii imekusudia kuyasikiliza tena, na kuyaweka kando ya methali za jamaa zake, khasa za Kiswahili, ili ijulikane watu wa lugha hizi wanasema nini wanapotaka kusema mapenzi.

Wala shabaha si kupitisha wakati. Katika nyumba zisizokuwa chache za Waislamu wa Nchelenge, lugha hizi mbili hulala chini ya paa moja. Bibi aliyetoka ng'ambo ya ziwa husema Kiswahili cha Kongo, mkwewe husema Kibemba, na wajukuu huchanganya zote mbili na Kiingereza cha shuleni. Huenda wakaishi hivyo miaka kumi, kila mmoja akimdhania mwenzake kuwa ni mgeni wa tabia, na ilhali kila siku wanaambiana jambo moja kwa maneno mawili. Ugomvi mwingi wa nyumbani, ukichunguzwa, ni ugomvi wa tafsiri.

Kwanza na lijulikane kwamba undugu wa lugha hizi si maneno ya kubembelezana tu. Mwaka 1862 mtaalamu Mjerumani Wilhelm Bleek alitoa kitabu cha kulinganisha sarufi za lugha za Kusini mwa Afrika, na ndiye aliyelieneza jina la Kibantu, kutokana na neno lile lile ambalo Mbemba hulitamka *umuntu* na *abantu*, na Mswahili mtu na watu. Mwaka 1948 Mwingereza Malcolm Guthrie akazipanga lugha hizo kwa herufi na nambari. Kiswahili kikapewa herufi G na nambari 42, na Kibemba herufi M na nambari 42. Nambari kufanana ni bahati tu, wala haina maana yoyote. Lakini watoto wa madrasa wakiambiwa jambo hilo hulikumbuka, na basi halidhuru kuwaambia.

Undugu wa hakika umo katika maneno yenyewe. *Umwana* ni mwana. *Ukulya* ni kula. *Ukufwa* ni kufa. *Umuti* ni mti. Na neno lililo la maana zaidi kwa shughuli ya leo ni *umutima*, ambalo Wabemba huliita moyo. Mswahili wa leo asiyesoma mashairi atasema halijui; lakini washairi wa Mombasa, Lamu na Unguja wameliimba karne nyingi, kwani kwao moyo pia huitwa mtima. Kijana wa Nchelenge anayesema *umutima* sokoni anatumia neno ambalo pwani hutunzwa kwa ajili ya tungo tu.

Ama neno la kupenda lenyewe, hapo ndipo jamaa hawa wanapoachana njia. Mswahili husema kupenda. Kisha, kwa kuwa bahari imemletea mengi, amechukua huba na mahaba kutoka Kiarabu, na bado ana nyonda, neno la zamani. Wachewa na Wanyanja wa mashariki ya Zambia na Malawi husema *kukonda*. Na Mswahili akilisikia hucheka, kwani kwake kukonda ni kupungukiwa na mwili. Pengine si kicheko bure: mapenzi mangapi yamemkondesha mtu! Wabemba husema *ukutemwa*, na penzi lenyewe huliita *icitemwiko*. Neno hili lina jambo la kuangaliwa. Linakwisha kwa *-wa*, kama Kiswahili kinavyosema kushikwa, kubebwa, kuchukuliwa. Kwa sikio la Mswahili, mtu anayesema *nalikutemwa*, yaani nakupenda, husikika kama mtu aliyepatikana na jambo, si mtu aliyelifanya. Wasukuma na Wanyamwezi nao, ambao ndugu zao walifika Katanga na kumweka Msiri katika ufalme wa Garenganze, husema *kutogwa*, na mwisho wake ni ule ule. Haifai kujenga nyumba nzima juu ya silabi moja. Lakini silabi hiyo inakubaliana na wazee, waliosema kwamba mapenzi humpata mtu kabla hajajitayarisha.

Sasa njooni kwenye methali. Mtu akizitafuta methali za Kibemba, ambazo huitwa *insoselo* au *amapinda*, akitaka zile zinazolitaja penzi kwa jina lake, ataona ni chache kuliko alivyotazamia. Za Kiswahili ni nyingi zaidi. "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika." "Ulipendalo hupati, hupata ujaliwalo." Wanawake wa pwani huzivaa katika kanga zao, zikasomwa barabarani na kila mpita njia, hata na yule ambaye hazikumkusudia, na mara nyingine na yule ambaye ndiye hasa aliyekusudiwa. Pwani ni mji wa maneno. Bara watu wana haya zaidi katika jambo hili. Lakini kutolitaja penzi si kutolijua. Methali za bara hulitaja penzi kwa kazi yake: kwa mgongo uliobeba, kwa chakula kilichopikwa, kwa kidole kilichosaidia. Na mtu akirudi pwani akiwa na macho hayo, ataona kwamba hata huko methali zilizo nzito kabisa ni hizo za kazi, si zile za kikohozi.

Turejee kwenye mgongo. Katika *Mayo mpapa*, neno *ukupapa* ni kubeba mtoto mgongoni kwa nguo, na nguo yenyewe huitwa *impapo*. Kiswahili kina neno lake safi kwa kazi hiyo, ambalo vijana wameanza kuliacha: kubeleka, na nguo yake ni mbeleko. Na huko Uchewa neno *kubereka* lina maana mbili kwa pamoja, kuzaa na kubeba mgongoni. Katika lugha hiyo aliyezaa na aliyebeba ni mmoja, na mtu hawezi kusema moja bila kuligusa la pili. Mwanamke aliyemlea mtoto yatima kwa mgongo wake amepewa na lugha haki ambayo watu wengine humnyima.

Angalieni tena ni nani anayesema katika methali hii. Hapo ndipo Kibemba kilipofanya jambo la ajabu. Methali nyingi za Kiswahili juu ya mzazi na mwana husemwa kutoka upande wa mzazi. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." "Kuzaa si kazi, kazi kulea." "Maskini na mwanawe, tajiri na mali yake." "Teke la kuku halimuumizi mwanawe." Zote ni kweli, na zote mzazi ndiye mwenye ulimi, mwana ameketi kimya akisemwa. Katika *Mayo mpapa* mtoto ndiye anayesema. Tena anasema wakati bado hajui kutembea, hana kitu mkononi, na anaweka ahadi. Huu ni mkataba uliotiwa saini na mtu asiyejua kuandika, mbele ya shahidi mmoja ambaye ndiye mdai. Mama hakuomba ahadi hiyo. Angembeba hata kama mtoto angekaa kimya. Na kwa sababu hakuiomba, kuivunja kwake ni kuzito zaidi.

Wabemba wana methali ya pili inayoifuata ya kwanza kama kivuli: *Iyakota yonka umwana.* Mnyama aliyezeeka hunyonya kwa mwanawe. Mwenye kuisikia kwa mara ya kwanza hushtuka, kwa kuwa imegeuza tabia ya mambo. Lakini kila mtu aliyemlisha mama yake uji kwa kijiko anajua kwamba haikugeuza kitu.

Wasikilizaji waliosoma Kurani wamekwisha kuona habari hizi zinakoelekea. Katika Sura ya Luqman, aya ya 14, mwanadamu anausiwa juu ya wazazi wake, na hapo hapo anatajwa mama aliyemchukua katika udhaifu juu ya udhaifu, na kuachishwa ziwa katika miaka miwili. Na katika Sura ya Al-Israa, aya ya 24, mwana anafundishwa kuwaombea wazazi rehema kwa sababu walimlea alipokuwa mdogo. Hoja ni ile ile: ulibebwa, basi beba. Mama wa Kibemba aliyeingia Uislamu akiwa mtu mzima hakuambiwa afute alichofundishwa na nyanya yake. Katika jambo hili alikuta mlango aliokwisha kuuzoea.

Na hapa ni lazima lisemwe neno ambalo si tamu. Katika Luapula, kama katika sehemu nyingi za nchi hizi, wako wazee, na wanawake wazee zaidi, ambao wamelipwa mgongo wao kwa kushtakiwa uchawi. Macho yakiwa mekundu kwa moshi wa miaka sitini ya kupika, husemwa ni macho ya mchawi. Anayesema hivyo mara nyingi ni mtu aliyekula kilichopikwa kwa moshi huo. Mtu wa namna hiyo hawezi kutoka mlangoni akaimba *Mayo mpapa* arusini, isipokuwa aimbe kwa kinywa kilichosahau.

Si kila methali ya mama humsifu mwana. *Umwana ashenda atasha nyina ukunaya*, husema Wabemba: mtoto asiyesafiri husifu upishi wa mama yake. Waganda wanayo hiyo hiyo karibu neno kwa neno, na Wakikuyu pia, hata mtu hawezi kusema imetoka wapi ikaenda wapi. Kwa kawaida hutumiwa kumkebehi mtu mjinga wa dunia. Lakini ina huruma ndani yake. Haisemi kwamba mama hajui kupika. Husema kwamba penzi lisiloona lingine halijajaribiwa. Kijana anayekula *ubwali* wa muhogo na samaki wa mama yake, akaenda Lusaka au Lubumbashi, akala vya watu, kisha akarudi akasema bado cha mama ndicho bora, huyo sasa amesifu kweli.

Tena liko penzi lenye ukali, ambalo Waswahili wamelisema vizuri kwa lugha ya wavuvi. "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii haina haja ya kufasiriwa Kashikishi. Samaki aliyekwisha kukaushwa kwa moshi ukimkunja atavunjika, na mwanamke wa sokoni anajua hasara yake. "Mchelea mwana kulia hulia yeye" ni maana ile ile bila samaki. Hayo yapite, kwani walimu na wazazi huyatumia kupita kiasi, na wako wanaodhani kwamba kumkunja ni kumpiga.

Ama mapenzi ya mume na mke, methali zake zinataka uangalifu, kwa sababu hapa desturi mbili hukutana na hugongana. Wabemba na jamaa zao wa bonde la Luapula huhesabu ukoo, *umukowa*, kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Zamani mume alikwenda kwa wazazi wa mke akawafanyia kazi miaka kadhaa, akijulikana taratibu, kabla hajapewa ruhusa ya kuondoka na mkewe. Mswahili Mwislamu amelelewa katika nasaba ya baba, na mirathi iliyokadiriwa. Vijana wawili wakioana, hupendana wao. Lakini waliosimama nyuma yao ni hesabu mbili za watu.

Katika hali hiyo Waswahili wana methali moja inayofaa kuliko hotuba ndefu: "Ukipenda boga, penda na ua lake." Boga halikuanguka kutoka mbinguni, lilikuwa ua kwanza. Mume anayempenda mke na kumwona mjomba wake kuwa ni mzigo, amelipenda boga akalikanyaga ua. Mke naye anayempenda mume na kuuchukia ukoo unaomfundisha mtoto jina la babu yake mzaa baba, amefanya vivyo hivyo. Methali haikusema nani ashinde katika kugawa mali, na hilo lina kadhi na wazee wake. Imesema tu kwamba penzi haliji likiwa limekatwa shina.

Wabemba wanaongeza kwamba hata penzi lililokamilika lina mikwaruzo: *imiti ipalamene taibula kukwesana*, miti iliyokaribiana haikosi kusuguana. Wachewa wanayo hiyo pia. Na Waswahili wanawaonya majirani wasiingie katikati: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Hakuna mahali methali hizi zinapoahidi nyumba isiyo na sauti. Yafaa waozeshaji waliseme hilo siku ya nikahi, kwani vijana wengi huvunjika moyo kwa mkwaruzo wa kwanza.

Yamebaki mapenzi ya mgeni, na haya ndiyo yaliyopimwa katika ufuko huu kuliko yote.

Kiswahili hakikuja hapa juzi. Kilikuja na misafara ya pwani katika karne ya 19, na hakuna heshima katika kuficha misafara ile ilibeba nini. Ilibeba vitambaa, shanga na bunduki ikija, na pembe za ndovu na watu ikirudi. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alimpiga Nsama wa Itawa, mashariki ya ziwa hili, akachukua pembe nyingi. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Mskoti David Livingstone alifika Mweru, na kwa Mwata Kazembe akamkuta mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad bin Salih, ambaye alikuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Baadaye alipata ruhusa ya kuondoka, akarejea Ujiji.

Katika khabari za miaka ile kuna jambo moja linaloingia katika maneno haya ya kubeba. Mwanzoni mwa mwaka 1869 Livingstone alishikwa na ugonjwa wa mapafu njiani kati ya Mweru na Tanganyika, akawa hawezi kutembea. Aliyeamuru abebwe kwa kitanda mpaka ziwani, akamtunza na kumpa dawa, ni Muhammad bin Gharib, mtu wa misafara, aliyefanya biashara ile ile ya watu ambayo mgonjwa wake aliipinga duniani kote. Mwenye kupenda hadithi zilizo sawasawa hatazipenda khabari hizi. Mtu yule yule alimbeba mgonjwa kwa rehema na akawafunga wengine kwa minyororo. Waliobeba kitanda kwa mabega yao majina yao hayakukumbukwa. Basi Kiswahili kiliingia nchi hii kikiwa na methali nzuri za mgeni, na kikaletwa na wageni ambao baadhi yao hawakustahili hata moja.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema Mswahili. Mchewa husema, *Mlendo amadza ndi kalumo kakuthwa*, mgeni huja na kiwembe kikali. Ni methali moja kwa mavazi mawili. Mwenyeji ana ugonjwa, au jipu, au shauri lililomshinda. Waliozoea kuliona hawalioni tena. Mgeni mwenye jicho jipya na wembe mkali hulipasua. Yaani mapenzi kwa mgeni, katika lugha hizi, hayakujengwa juu ya huruma peke yake. Mwenyeji anahitaji kitu.

Kisha ipo ile nyingine ambayo watu huitaja wakicheka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wengi huiona kuwa methali ya ubahili. Wanazuoni nao watakumbuka kwamba katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi ni sadaka. Hivyo methali imemnyang'anya mgeni siku moja, na hilo haliwezi kukanushwa. Lakini jembe lenyewe lastahili kutazamwa upya, na khabari za karibuni zimelitazamisha.

Tangu katikati ya mwaka 2017 watu wa Kongo, wengi wao kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, walianza kuvuka mpaka kuingia Chiengi na Nchelenge, wakikimbia mapigano. Walikuja kwa maelfu, wazee, wanawake na watoto, na vifurushi vichwani. Kwanza walipokewa katika kituo cha Kenani. Mwezi wa Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, humu humu wilaya ya Nchelenge, na shauri lililochukuliwa lilikuwa kwamba wakimbizi wasizungushiwe uzio mbali na wenyeji, bali wapewe viwanja vya kujenga na ardhi ya kulima, na shule na zahanati ziwatumikie wakimbizi na wenyeji pamoja.

Yaani walipewa jembe. Mtu aliyelala kambini akipangiwa chakula cha kila mwezi ni mgeni siku zote, hata akikaa miaka ishirini. Mtu aliyepewa jembe ameambiwa kwamba wenyeji wanatazamia kumwona wakati wa mavuno. Haijasemwa hapa kwamba kila jambo la Mantapala lilikuwa jema. Ardhi ni ardhi, na mahali penye ardhi kuna manung'uniko, na kuna siku chakula kilipungua. Inasemwa tu kwamba methali iliyodharauliwa kuwa ya wabahili ilionekana, ilipofanyiwa kazi, kuwa ndiyo yenye heshima zaidi kwa mgeni.

Na yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili kimekuja katika ufuko huu mara mbili. Mara ya kwanza kilikuja na wenye bunduki. Mara ya pili na waliokimbia bunduki. Watu wa Luapula wangeliweza, kwa haki fulani, kukumbuka ya kwanza walipoiona ya pili. Wengi waliowapokea wageni barabarani kwa maji na muhogo hawakufungua daftari hilo.

Kuna methali iliyo sawa katika lugha zote mbili hata hakuna haja ya mkalimani. Kibemba: *Umunwe umo tausala inda.* Kiswahili: "Kidole kimoja hakivunji chawa." Kila mtu huitumia kwa ushirika wa kazi, kujenga msikiti, kuvuta jarife, kuchanga fedha za mazishi. Ni sawa. Lakini wazee walipochagua mfano hawakuchagua gogo wala mtumbwi. Walichagua chawa, na chawa yuko kichwani mwa mtu. Ili vidole viwili vimpate, ni lazima mtu mmoja aketi chini, aweke kichwa chake mapajani mwa mwingine, na huyo mwingine amfunue nywele bila haraka na bila kumdharau kwa alichokikuta. Hakuna anayempa adui kichwa chake hivyo. Wanaofanya kazi hiyo ni mama na mwana, dada na dada, jirani na jirani waliozoeana. Methali ya ushirika, kumbe, imechukua mfano wake katika mapenzi.

Basi katika Sura ya Ar-Rum kuna aya mbili zilizofuatana, ya 21 na ya 22. Ya kwanza inataja mapenzi na huruma kati ya mume na mke kuwa ni ishara ya Mwenyezi Mungu. Ya pili inataja tofauti za lugha na za rangi kuwa ni ishara vile vile. Wafasiri wameandika mengi juu ya kila moja. Katika nyumba ya Nchelenge yenye bibi wa Pweto na mkwewe wa Kashikishi, aya hizo mbili huketi katika mkeka mmoja.

Limebaki jambo la kutenda, na ni dogo. Methali za pwani zilikusanywa mapema, Mwingereza W. E. Taylor alizichapisha nyingi za Mombasa mwaka 1891. Za Kibemba ziko nyingi katika kamusi kubwa ya Mapadre Weupe. Lakini zinazosemwa katika nyumba za Waislamu wa ufuko huu, na namna zinavyosemwa, ziko midomoni mwa wazee tu, na wazee hawangoji. Watoto wa madrasa wapewe kila mmoja karatasi. Aende kwa nyanya yake, au kwa bibi wa jirani ikiwa wake amekwisha fariki, aombe methali moja ya mapenzi, kwa lugha yoyote aitakayo yeye bibi. Aandike ilivyosemwa, bila kuisahihisha. Chini yake aandike bibi aliitumia kwa nani, na kulitokea nini. Ikiwa bibi ni Mbemba, mtoto amtafute Mswahili amwulize kama kwao ipo. Na ikiwa ni Mswahili, amtafute Mbemba. Karatasi zikusanywe siku ya Ijumaa, kabla ya swala ya Laasiri, na mwalimu azitie katika daftari moja lenye jalada gumu, kwa sababu mvua za Luapula hazina huruma na karatasi.

Wabillahi tawfiq.